Nimezima nusu ya vipengele vya mtandao kwenye keneli ya Linux, laptopu inawaka upesi. Nani anijuze kwa nini?

#1 mshumaa_wa_chake
Wakuu, salamu. Nipo Chake, Pemba, nasomesha skuli. Mashine yangu ni ThinkPad X230 ya mtumba, RAM GB 4, diski ile ya kuzunguka, Debian 12. Masika haya skuli imefungwa, mvua haikatiki, nikasema leo nikompaili (nijenge kutoka msimbo wake) keneli yangu mwenyewe, kile kiini cha Linux kinachoendesha vifaa. Nikashusha 6.6 kutoka kernel.org, kama MB 140 za bando, msiniulize mke wangu kasema nini.

Nikachukua faili la Debian lililo /boot nikalifanya .config, yaani orodha ya vipengele vya keneli, nikapiga make localmodconfig, amri ya kuipunguza orodha hiyo, kila swali nikajibu Enter. Halafu nikaingia menuconfig, menyu ya kuchagua vipengele, sehemu ya mtandao kupunguza kwa mkono. Jamani mule ndani mna soko la itifaki, lugha za mtandao! AppleTalk, X.25, CAN, RDS, TIPC, SCTP, redio za AX.25, InfiniBand. Mna na ATM pia, nikajiuliza hii laptopu inataka kutoa pesa? Nikafyeka vyote nisivyovijua na vyengine ninavyovijua lakini sivitumii.

Matokeo: systemd-analyze, inayopima muda wa kuwaka, ilikuwa inanipa sekunde 52, sasa 34. Kwa nini? Nawasilisha.

#2 Kachori_Forodhani
Mashine ya 2012 bado unaipunguza uzito? Mwache mzee apumzike.

#3 maalim_biti
Mwalimu, hongera, lakini sababu siyo hiyo unayoidhani. Kipengele kikiwa m kwenye .config ni moduli, kipande cha pembeni, inakaa /lib/modules kama kanzu iliyo sandukuni. Haili RAM wala haimcheleweshi mtu mpaka itolewe. Kinachopanda pamoja na keneli ni kile chenye y. Na hivyo ulivyovitaja, Debian imeviweka m karibu vyote. AppleTalk haijakurudishia hata robo sekunde. Tafuta kwengine.

Na ATM hiyo si ya benki, ni mtandao wa zamani wa kampuni za simu, data inakatwa vipande vya baiti 53. ADSL nyingi zilipita humo.

#4 bint_mlandege
Maalim yuko sawa kwa RAM, ila kasahau initramfs, lile furushi dogo la mafaili linalopakiwa pamoja na keneli mashine ikiwaka. Debian kwa kawaida inaijenga kwa MODULES=most, yaani humo mnatiwa draiva za kadi za waya za kila kabila, kwa ajili ya wale wanaowasha mashine kupitia mtandao. Keneli yake mpya haina hizo draiva, kwa hiyo initramfs imekonda. Diski ya kuzunguka inalihisi hilo. Mwalimu, tupe ls -lh /boot.

#5 mshumaa_wa_chake
Ya Debian MB 38, yangu MB 14. Asante dada, kumbe ndiyo hiyo?

#6 maalim_biti
MB 24 hata diski ya mtumba inazisoma chini ya sekunde moja. Sekunde 18 hazitoki hapo.

#7 bint_mlandege
Inategemea nani anasoma. GRUB, ile programu inayoipakia keneli, ikisoma kupitia BIOS ya zamani inakwenda kwa mwendo wa punda. Hujawahi kukaa mbele ya kioo cheusi ukahesabu?

#8 maalim_biti
Nimekaa. Lakini ukiwasha kwa BIOS ya zamani, systemd-analyze haiuoni muda wa GRUB hata kidogo. Inaanza kuhesabu keneli inaposhika usukani. Mwalimu, yako inawaka kwa UEFI, ile iliyochukua nafasi ya BIOS, au vipi?

#9 mshumaa_wa_chake
BIOS ya zamani. Aliyeniuzia aliiweka hivyo, sijaigusa.

#10 bint_mlandege
Basi hapo umenishika, maalim. Nabaki na muda wa kuifungua initramfs tu, huo unahesabiwa ndani ya keneli. Ila swali kwa mwalimu: katika kufyeka kwako uligusa e1000e?

#11 mshumaa_wa_chake
Draiva ya tundu la waya? Ndiyo, nilizima. Tundu lenyewe bovu tangu nilinunue, vile visindano vya ndani vimelala chali. Nikaona draiva ya nini.

#12 bint_mlandege
Haya sasa. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, ikiiona kadi ya waya haina waya, inaisubiri sekunde kama tano huenda ukachomekwa, na kuna huduma nyuma inaisubiri yenyewe, NetworkManager-wait-online. Kadi haipo, hakuna wa kusubiriwa. Ungeweza kupata hizo sekunde kwa systemctl disable NetworkManager-wait-online bila kukompaili kitu.

#13 maalim_biti
Tano. Bado kumi na tatu.

#14 mtumbwi86
Mnamhukumu mtu kwa jambo moja na yeye kafanya mawili. Debian 12 inakuja na 6.1, yeye kakompaili 6.6. Kabadilisha toleo na kapunguza vipengele kwa mpigo mmoja. Nani atajua kipi kimefanya nini? Akompaili 6.6 kwa .config nzima ya Debian, bila kufyeka, ndipo tuzungumze.

#15 mshumaa_wa_chake
Keneli nzima kwenye hii mashine? Niliwahi kujaribu mwaka jana, nikaondoka kwenda Ijumaa nikarudi, nikala, nikalala, bado. Ile ya localmodconfig ilichukua kama nusu saa.

#16 fundi_wa_kwerekwe
Nyie mnaocheka CAN, polepole. CAN ndiyo lugha ya vidude vya ndani ya gari. Mie ni fundi umeme wa magari Mwanakwerekwe, nina adapta ya USB, naipandisha kama can0 kwa amri ya ip link, naweka kasi 500000, halafu candump. Mlango ukifunguliwa naona namba zinabadilika kwenye terminali. Wiki iliyopita gari imeletwa taa ya breki haizimi, mafundi wawili washabadilisha balbu. Kumbe swichi ya pedali inapeleka ujumbe kama mtu kakanyaga muda wote. Kwa hiyo mwenye kuzima CAN azime kwake, asiwaambie watu haina kazi.

#17 Kachori_Forodhani
Vespa yangu nayo ina CAN?

#18 fundi_wa_kwerekwe
Vespa yako ina waya mmoja na dua.

#19 Karafuu_Mbichi
😂😂 Nimeweka kambi hapa.

#20 hamali_wa_data
Tukirudi kwenye mada, mie napunguza vya mtandao kila mashine ninayoishika, lakini si kwa kasi, kwa usalama. Mfano DCCP, itifaki ya kusafirisha data. Hakuna mtu Zanzibar nzima anayeitumia, lakini ilikuwa m. Na keneli ina tabia hii: programu ya mtumiaji wa kawaida ikiomba soketi ya itifaki fulani, moduli yake inapakiwa yenyewe. Februari 2017 likatangazwa tundu la usalama, CVE-2017-6074, aliligundua Andrey Konovalov. Mtumiaji asiye na cheo chochote anaweza kupanda kuwa root, mwenye mamlaka yote. Tundu inadhaniwa lilikuwamo tangu DCCP iingie kwenye keneli, 2005. Miaka zaidi ya kumi limelala kwenye moduli isiyotumiwa na mtu! Ndiyo maana mie simkubalii maalim na kanzu yake ya sandukuni. Hiyo kanzu mwizi anaweza kuivaa.

#21 maalim_biti
Hoja nzuri, nakupa. Lakini dawa yake si lazima kukompaili. Unda faili ndani ya /etc/modprobe.d, andika install dccp /bin/false, mstari mmoja. Fanya hivyo kwa tipc, rds, sctp, ax25. Ubuntu wenyewe wana faili lao la itifaki adimu humo humo. Dakika mbili, na keneli unaendelea kuletewa na Debian na viraka vyake. Mwalimu mwenye keneli yake ya mkono, kiraka cha usalama kikitoka nani atamkompailia?

#22 hamali_wa_data
Hapo umesema kweli. DCCP yenyewe wameshaing'oa, 2025, toleo la 6.16. Sawa na IPX na DECnet walivyoziondoa 2022.

#23 bint_mlandege
DECnet ndiyo 2022, toleo la 6.1. IPX ilitoka mapema, 2018, toleo la 4.18. Na AppleTalk kabla hujauliza: Apple wenyewe waliiacha 2009 kwenye Mac OS X 10.6. Kuna mtu alinishikilia mtaani kwamba akiizima MacBook ya shemeji yake haitaonekana kwenye waifai.

#24 hamali_wa_data
Asante kwa sahihisho.

#25 kijana_wa_Michenzani
Na IPv6 vipi? Mie nimeizima kabisa, huku kwetu hatuihitaji.

#26 hamali_wa_data
Usiizime kwenye .config. Kuna programu zinataka kukaa kwenye ::1, anwani ya IPv6 ya mashine yenyewe, na zikikosa zinakufa kimya kimya, utatafuta siku mbili. Ukitaka kuijaribu weka ipv6.disable=1 kwenye mstari wa GRUB, ukiona mambo yameharibika unaufuta mstari, basi.

#27 mshumaa_wa_chake
Wakuu, narudi na habari nyengine, na safari hii si ya kujisifu.

Juzi nilikuwa Wete kwa dada yangu. Nina alama za mitihani za madarasa mawili, zinatakiwa zifike kwa barua pepe kabla ya saa sita usiku. Umeme ukakatika baada ya Magharibi. Simu ina asilimia 9. Nikasema si kitu, nachomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa USB, laptopu inapata intaneti na simu inapata chaji. Nimefanya hivyo miaka.

Nikachomeka. Simu inachaji. Nikawasha ile ya kugawa intaneti kwa USB. Kwenye laptopu hakuna kitu. ip link inanionyesha lo (ya ndani ya mashine) na wlp3s0 (waifai) tu. Naitoa, naichomeka tena. lsusb inaiona simu kwa jina lake, dmesg inasema kifaa kipya cha USB kimeonekana, na hapo hapo inanyamaza. Dada kashika tochi ya simu yake juu ya kichwa changu ananiuliza, "Si ulisema umeitengeneza?"

#28 Kachori_Forodhani
Uliitengeneza, ndiyo. Ukatengeneza hadi ikasahau simu.

#29 bint_mlandege
Pole mwalimu. Hiyo ni draiva ya rndis_host iliyokosekana. Simu nyingi za Android zinagawa intaneti ya USB kwa RNDIS, kwenye .config inaitwa CONFIG_USB_NET_RNDIS_HOST. Na kosa si lile ulilofyeka kwa mkono, ni localmodconfig. Inasoma lsmod, kile kilichopakiwa saa ile ile ndicho kinachobaki, chengine chote cha m kinatupwa. Saa ile simu yako ilikuwa mfukoni.

#30 Karafuu_Mbichi
Au waya. Hizi waya za mlangoni Darajani nyingi ni za chaji tu.

#31 mshumaa_wa_chake
Waya mzima. lsusb isingeiona simu.

#32 mtumbwi86
Usiamue mapema kuwa ni RNDIS. Simu za karibuni baadhi zimehamia NCM, njia nyengine ya kugawa kwa USB, draiva yake ni cdc_ncm. Hata Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa keneli, alileta pendekezo 2022 la kuzima RNDIS zote kwenye keneli kwa sababu ya usalama. Aina ya simu?

#33 mshumaa_wa_chake
Ya zamani, ina Android 9. Na hata ingekuwa NCM, nimeangalia, nayo haimo. Usbnet nzima, familia ya draiva za mtandao wa USB, imekwenda.

#34 kijana_wa_Michenzani
Kwani si ungewasha hotispoti ya waifai tu?

#35 mshumaa_wa_chake
Niliwasha. Hotispoti ya simu ile inakunywa betri kama injini ya boti, ikazima faili la kwanza likiwa njiani.

#36 hamali_wa_data
Si ungeichomeka ichaji kwa USB huku inagawa kwa waifai? Waya ulikuwa unachaji, umesema mwenyewe.

#37 mshumaa_wa_chake
...

#38 Kachori_Forodhani
Hahahaha mwalimu kanyamaza.

#39 mshumaa_wa_chake
Sikufikiria. Giza, dada anasema, saa inakwenda. Nilikuwa nimeng'ang'ania usb0, ile kadi ya mtandao ya USB.

#40 maalim_biti
Na keneli ya Debian kwenye menyu ya GRUB?

#41 mshumaa_wa_chake
Niliifuta siku moja kabla, nikiona mpya haina neno. Msinipige.

#42 maalim_biti
Hakuna atakayekupiga, lakini hilo la kufuta keneli ya zamani mie nalijua vizuri, nililifanya nikiwa chuoni, tena kwenye kompyuta ya mwenzangu. Nilimtengenezea isione waifai siku mbili kabla ya kuwasilisha mradi. Keneli nilifanya y kila kitu kwa localyesconfig, nikidhani ndiyo imara zaidi. Draiva ya kadi ya Intel ikawa inaamka kabla diski haijafunguliwa, inaitafuta fimwea yake (programu ya ndani ya kadi) /lib/firmware, haioni, inakata tamaa. Ikiwa m inasubiri. Tangu hapo waifai siiweki y.

#43 bint_mlandege
Au uiweke y na uitie fimwea kwenye initramfs.

#44 maalim_biti
Au hivyo. Mwenzangu hakuniuliza njia ya pili, aliniuliza namba ya fundi.

#45 hamali_wa_data
Kwa faida ya wengine: kuna programu inaitwa modprobed-db. Unaiacha ifanye kazi wiki kadhaa, inaandika kila moduli iliyowahi kupakiwa. Siku ya kukompaili unaipa localmodconfig orodha hiyo kwa LSMOD=, badala ya ile ya dakika moja. Printa, simu, modemu, adapta ya jirani, vyote vinakuwemo.

#46 mtumbwi86
localmodconfig yenyewe ni ya Steven Rostedt, imo tangu 2.6.32, mwishoni mwa 2009. Haina kosa, inafanya ilichoambiwa.

#47 Karafuu_Mbichi
Mwishoni mwa 2009! Wakati huo Unguja nzima giza, miezi mitatu, Disemba mpaka Machi. Nyinyi mkompaili keneli, sie tunapanga foleni ya maji na madumu.

#48 mshumaa_wa_chake
Na sie Pemba tulikuwa tunakucheki kwa jenereta zetu. Waya wa baharini kutoka Tanga tumeupata 2010.

#49 Kachori_Forodhani
Ndiyo mkajifunza kuringa.

#50 kijana_wa_Michenzani
Umeme umenikumbusha. Jana umekatika make ikiwa katikati, betri yangu haina hata dakika. Nimewasha tena, make inalalamika faili fulani halisomeki. Nianze upya?

#51 bint_mlandege
Hapana. Kuna mafaili ya .o, matokeo ya kukompaili, yaliyokuwa yanaandikwa umeme ulipokatika, yamebaki matupu, na make inayaona mapya hivyo haiyagusi. Piga find . -name '*.o' -size 0 -delete halafu make tena, itaendelea ilipofika. Ikigoma, make clean, na subira.

#52 kijana_wa_Michenzani
Imekubali. Shukran sana dada.

#53 mshumaa_wa_chake
Mrejesho. Leo nimekaa na kila kitu mezani: simu, simu ya mke wangu, modemu ya zamani ya USB, fleshi, printa ya skuli niliyoibeba kwenye bodaboda kwenye mfuko wa rambo kwa sababu ya mvua. Nimechomeka kimoja kimoja, kila kimoja kikapakia yake, halafu localmodconfig. Modemu imenishangaza: inataka draiva iitwayo option na PPP, itifaki ya kuunganisha kwa kupiga simu, lakini PPP haikuonekana kwenye lsmod mpaka nilipopiga simu kwa modemu hiyo. Kuchomeka tu hakutoshi. Tun nayo vivyo hivyo, mpaka uwashe VPN. Na bnep ya Bluetooth.

Sasa usb0 inatokea. Alama zilifika, siku ya pili saa mbili asubuhi, na mkuu wangu ana maneno yake.

Sasa tazameni hii. Nimerudisha keneli ya Debian 6.1 kwa apt, ikae kwenye menyu. Nimeipima. Sekunde 44. Si 52. Ile ile 6.1, diski ile ile.

#54 maalim_biti
Basi sekunde 8 hazikuwa za keneli kabisa.

#55 bint_mlandege
Au siku ile ya 52 diski ilikuwa inakaguliwa. Ulipima mara ngapi?

#56 mshumaa_wa_chake
Mara moja.

#57 mtumbwi86
Mara moja! Na mimi nilikuwa napigania toleo.

#58 Kachori_Forodhani
Sekunde nane za Pemba zimechukuliwa na popobawa.

#59 mshumaa_wa_chake
Na hii mpya yenye kila kitu, na e1000e nimeirudisha makusudi: mara tatu, 35, 34, 36. Dada Mlandege, ile subira yako ya sekunde tano iko wapi?

#60 bint_mlandege
Hmm. Toa systemd-analyze blame tuone kama wait-online imo kwenye orodha. Huenda hakuna kitu kwako kinachoidai.

#61 mshumaa_wa_chake
Imo, sekunde 6. Lakini jumla haikupanda.

#62 maalim_biti
Kwa sababu kuna chengine kirefu kinachokwenda sambamba nayo. Blame haikwambii nani anamngoja nani. Piga critical-chain.

#63 hamali_wa_data
Na kumi zilizobaki kati ya 44 na 34? Mie nasema initramfs.

#64 mtumbwi86
Mie nasema toleo.

#65 fundi_wa_kwerekwe
Mie nasema badilisha hiyo diski uweke SSD, mtaacha kugombana.

#66 mkaazi_wa_Konde
Salamu. Nimeusoma uzi wote. Mie pia nina X230, naomba hiyo .config mpya, nisihangaike kuchomeka vitu.

#67 mshumaa_wa_chake
Nakutumia usiku. Kadi ya waifai ni ile ile ya Intel? Na simu yako ni Android?

#68 mkaazi_wa_Konde
Kadi ndiyo hiyo. Simu ni iPhone.

#69 mshumaa_wa_chake
Basi hiyo inataka ipheth, draiva ya intaneti ya USB ya iPhone. Haimo.